Paka juu ya rundo la mifupa: jinsi ya kuchora katuni ya kuenzi jalada la Frazetta

Mwaka 1966 kampuni ya Lancer ya New York ilitoa Conan the Adventurer, kitabu cha jalada laini chenye hadithi za Robert E. Howard kuhusu mpiganaji Conan. Jalada lilichorwa na Frank Frazetta, na kwa wachoraji wengi jalada hilo ndilo lililobaki. Mpiganaji amesimama juu ya rundo la mifupa na miili, ncha ya upanga iko chini, mwanamke amekumbatia mguu wake, na nyuma yao umetanda ukungu wa rangi ya kutu. Tangu hapo mkao ule umeigwa kwenye mabango ya sinema, majalada ya santuri, fulana na katuni zisizo na idadi.

Frazetta, aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1928, alianzia kwenye vibonzo. Alimsaidia mchora katuni Al Capp kwa miaka kadhaa kuchora vibonzo vya magazetini vya Li'l Abner. Kisha mwaka 1964 akalichorea jarida la MAD picha ya kuchekesha ya Ringo Starr wa Beatles, katika tangazo la uongo la shampuu, na picha hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango wa kuchora mabango ya sinema. Kwa hiyo unapoligeuza jalada lake kuwa katuni, hukipeleki kitu ugenini. Unakirudisha nyumbani.

Mwongozo huu unatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: paka wa jalalani amesimama juu ya rundo la mifupa ya samaki, upanga wake ni mfupa wa samaki aitwaye nduaro, na aliyekumbatia mguu wake ni paka mdogo. Ukitaka kumweka mtu mwingine pale juu, vipimo ni vilevile.

Kabla ya penseli: kibadilike nini?

Hapa ndipo katuni nyingi za aina hii zinapofia. Mchoraji anabadilisha mpiganaji, anabadilisha mkao, anaweka mandhari ya mjini, anaongeza kiputo cha maneno, halafu anashangaa kwamba hakuna anayelikumbuka jalada. Badilisha kundi moja tu la vitu, yaani wahusika na mali zao. Pembetatu, mwanga, ukungu, rangi na uzito wa uso vibaki kama Frazetta alivyoviacha. Kicheko kinatoka kwenye umakini wa picha: paka anatazamwa kama shujaa, na picha nzima inakubaliana naye. Ukimfanya atabasamu, au akonyeze jicho, umemwambia msomaji kwamba hata wewe huamini.

Jipime kwa sentensi moja: "Ni jalada lile lile, ila shujaa ni paka na maadui zake ni samaki." Kama wazo lako linahitaji sentensi tatu kuelezwa, litahitaji maandishi kwenye picha, na hapo limeshashindwa.

Kila kitu kwenye picha ya asili kipate mwenzake. Mpiganaji ni paka. Miili na mifupa ni miiba, vichwa na mikia ya samaki. Upanga ni mfupa wa nduaro, kwa sababu samaki huyo ana mdomo mrefu mwembamba kama upanga. Ukimsimamisha kichwa chini, mkia wake unakuwa mpini na mdomo unakuwa ncha. Uma wa mezani ungeonekana wazo rahisi zaidi, lakini ukiuchomeka kwenye rundo meno yake yanazama na kinachobaki ni fimbo. Kitu kinachobadilishwa lazima kisomeke kwa ile sehemu inayoonekana. Kuhusu mwanamke aliyejikunja miguuni: hiyo ilikuwa desturi ya majalada ya zama zile, na mchora katuni wa leo halazimiki kuirithi. Paka mdogo anajaza nafasi ile ile, analeta uzito ule ule upande wa pili wa upanga, tena anaongeza huruma.

Vifaa

Karatasi mbili za A3: moja ya kawaida kwa rasimu, nyingine ya rangi za maji yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba. Manila ya dukani inafaa kwa rasimu, lakini ikiloweshwa inajikunja kama papa mkavu, usiitegemee kwa kazi ya mwisho. Penseli ya HB na ya 2B, kifutio laini, rula ya sentimita 30 na nyingine ndefu zaidi kama unayo. Wino mweusi usioyeyuka ukikauka. Brashi ya mviringo namba 3 kwa wino na namba 8 kwa rangi, pamoja na brashi pana ya sentimita 2 au 3 kwa ukungu. Rangi za maji tatu tu, ambazo tyubu zake huandikwa Yellow Ochre, Burnt Sienna na Ultramarine. Tyubu ndogo ya akriliki nyeupe. Tepu ya karatasi, ubao bapa, makopo mawili ya maji na kitambaa kikuukuu cha pamba.

Jaribu wino kabla ya kuuamini. Chora mistari mitano kwenye kipande cha karatasi ile ile, subiri nusu saa, kisha pitisha brashi yenye maji juu yake. Ukiona moshi wa kijivu, wino huo ni wa kuandikia barua. Fanya jaribio hili hata kama chupa inasema wino haupitishi maji.

Hatua ya 1: isome picha kwa macho ya kufinya

Tafuta nakala nzuri ya jalada, iweke mbele yako, ufinye macho hadi vitu vidogo vipotee. Utaona maumbo matatu tu: ukungu wa mwanga wa kati, mwili uliosimama, na rundo linalozama kwenye giza. Sasa chora picha ndogo ya sentimita 5 kwa 8, ukitumia nyeusi, kijivu kimoja na nyeupe ya karatasi. Usichore uso wala vidole. Fanya nne au tano, dakika tano kila moja, na katika ya mwisho muweke paka badala ya mtu.

Kazi hii inaonekana ya kitoto lakini inakuonyesha mapema matatizo ambayo wino hausamehe. Kwa mfano, utaona kwamba masikio ya paka yaliyosimama yanatengeneza pembe mbili juu ya picha, wakati pembetatu ya Frazetta ina kilele kimoja. Dawa yake ni kuyalaza masikio nyuma, kama paka aliye tayari kupigana. Hapo kilele kinarudi na uso unakuwa mkali bila kuongeza mstari hata mmoja.

Angalia pia upanga uko upande gani na aliyekumbatia mguu yuko upande gani, ufuate hivyo hivyo. Ukigeuza kushoto kuwa kulia, wanaoijua picha watahisi kuna kitu hakiko sawa hata kama hawatakitaja.

Hatua ya 2: fremu na miraba

Kitabu cha jalada laini cha zama hizo kilikuwa na ukubwa wa karibu sentimita 11 kwa 18. Zidisha mara mbili: fremu yako ni sentimita 22 kwa 36, nayo inakaa vizuri ndani ya A3 ikibakiza sentimita 3 juu na chini na karibu 4 kila upande. Usitumie karatasi nzima ya A3 kama fremu. A3 ni pana zaidi kwa urefu wake, na jalada likipanuliwa mwili unapungukiwa na ule urefu unaoufanya uonekane mkubwa.

Gawa fremu kwa miraba ya sentimita 2, upate miraba 11 kwa 18. Kwenye nakala iliyochapishwa kwa ukubwa wa kitabu chora miraba ya sentimita 1. Miraba ni ya kukuonyesha mahali, isiwe ya kunakilia mstari kwa mstari. Weka alama za sehemu sita tu: kilele cha kichwa, mabega mawili, nyonga, mahali upanga unapoingia kwenye rundo, na miguu. Baada ya hapo iweke nakala pembeni, kwa sababu ukiendelea kunakili utapata mtu mwenye kichwa cha paka badala ya paka.

Piga mstari mwepesi sentimita 9 kutoka juu. Hapo juu ni pa jina la kitabu. Wachoraji wa majalada walilazimika kuiacha sehemu hiyo tulivu, na sehemu tulivu yenyewe ni nusu ya harufu ya jalada la zamani. Katuni isiyo na nafasi ya jina huonekana kama picha iliyokatwa.

Hatua ya 3: pembetatu na mwili

Kilele kiwe katikati ya upana, sentimita 10 kutoka juu. Pembe mbili za chini ziwe sentimita 33 kutoka juu, kila moja sentimita 1.5 kutoka ukingoni. Ziunganishe kwa penseli nyepesi. Mabega na mkia wa nduaro vitatokeza nje ya mistari. Viache, ndivyo umbo linavyopata uzito. Kinachoharibu ni kutokeza sawasawa pande zote mbili, maana hapo pembetatu inageuka sanduku.

Miguu ikanyage sentimita 26 kutoka juu, kwa hiyo paka ana urefu wa sentimita 16. Sasa swali la kichwa. Mashujaa wa majalada haya huchorwa na kichwa kidogo juu ya mwili mkubwa, ilhali katuni inapenda kichwa kikubwa. Ukimpa paka kichwa cha theluthi moja ya mwili, anakuwa mwanasesere na rundo lote linapoteza kitisho. Ukimpa kichwa kidogo kama cha shujaa, uso hausomeki. Urefu wa vichwa vinne unatosha: kichwa cha sentimita 4, pamoja na masikio yaliyolazwa, na mwili wa sentimita 12. Mabega yawe na upana wa sentimita 7, yaani karibu mara mbili ya kichwa. Kiuno sentimita 3.5. Miguu ichukue sentimita 7 za chini.

Uzito wote uwe kwenye mguu mmoja. Nyonga ya mguu huo inapanda, bega la upande huo huo linashuka, na uti wa mgongo unapinda kidogo kama herufi S iliyolegea. Katuni nyingi zinakosea hapa kwa kumsimamisha shujaa kama askari wa gwaride, miguu yote miwili imenyooka. Mtu anayesimama hivyo anasubiri amri. Aliyeegemea mguu mmoja juu ya maadui zake ameshamaliza kazi.

Mkia wa paka ni kitu ambacho Frazetta hakuwa nacho, hivyo lazima upewe kazi. Uteremshe upande usio na upanga, upinde kumzunguka paka mdogo, ncha yake ikimwelekea. Ukiuinua juu hewani unakata ukungu na kuiba jicho kutoka usoni.

Nduaro asimame karibu wima, akiinama kama nyuzi 5 tu. Kutoka juu kwenda chini: mkia sentimita 2 kwa urefu na 4 kwa upana, uti wa mgongo sentimita 5.5 wenye miiba jozi nane inayozidi kuwa mirefu kadiri unavyokaribia kichwa, fuvu sentimita 2 lenye tundu moja kubwa la jicho, na mdomo sentimita 3 kabla haujazama kwenye rundo. Hizo sentimita 3 zilinde. Ukiuzamisha mdomo wote, msomaji anaona mwiba wa samaki yeyote na upanga umepotea. Kiganja cha paka kishike uti chini kidogo ya mkia.

Paka mdogo awe na urefu wa sentimita 5, amekumbatia mguu usiobeba uzito, shavu limebanwa kwenye manyoya, macho yakitazama nje ya picha. Yeye peke yake ndiye anayeruhusiwa kuonyesha hisia waziwazi.

Hatua ya 4: rundo

Usichore samaki mia. Chora mifupa mitano iliyokamilika, yote karibu na miguu na mahali upanga unapoingia: vichwa viwili, mgongo mmoja mrefu wenye miiba, mkia mmoja, na taya moja iliyo wazi. Kuizunguka weka vipande nusu nusu, kisha vijiti na vidoti, na chini kabisa weusi mtupu. Frazetta alimaliza kwa makini pale alipotaka jicho litue, na pembeni akaacha vitu viyeyuke. Wachoraji wanaoanza hufanya kinyume, kila mfupa wanaupa haki sawa, na matokeo yake rundo linakuwa zulia lenye maua.

Mifupa mikubwa ilale ikielekea juu, kwenye miguu ya paka. Mfupa mmoja unaoelekea nje ya fremu unatosha kulitoa jicho nje ya picha.

Hatua ya 5: panga mwanga kabla ya wino

Chagua upande mmoja wa mwanga, juu kushoto au juu kulia kulingana na nakala yako. Kwa penseli ya 2B tia kivuli kwenye rasimu kwa ngazi nne tu: nyeupe ya karatasi, kijivu chepesi, kijivu kizito, nyeusi. Ukungu wote uwe kijivu chepesi. Nyeupe iwe sehemu ndogo sana: bega moja, paji la uso, ukingo mmoja wa nduaro, na mgongo wa paka mdogo. Nyusi zimwangushie paka kivuli machoni, na ndani ya kivuli hicho acha nukta mbili ndogo za mwanga. Huo ndio uso wote anaouhitaji.

Halafu fanya jaribio la mlangoni. Bandika karatasi nyembamba juu ya rasimu, fuata kingo za paka, nduaro na paka mdogo, ujaze ndani kwa weusi mtupu. Uone kama umbo hilo pekee, mithili ya mtu aliyesimama mlangoni jua likiwa mgongoni mwake, linasomeka kuwa paka mwenye upanga. Mara nyingi mkono unaoshika upanga huwa umegandana na ubavu. Acha uwazi wa angalau sentimita 1 kati yao ili ukungu upenye.

Hatua ya 6: wino

Bandika rasimu kwenye kioo cha dirisha mchana, weka karatasi ya gramu 300 juu yake, uhamishe mistari kwa HB nyepesi. Kama karatasi ni nene mno na mwanga haupenyi, sugua penseli ya 2B nyuma ya fotokopi ya rasimu, ilaze juu ya karatasi safi, kisha fuatisha kwa kalamu kavu bila kukandamiza. Ukikandamiza unachimba mfereji, na rangi ya maji hujikusanya kwenye mfereji huo kama maji ya mvua barabarani.

Upana wa mistari ufuate umuhimu. Kingo za nje za paka ziwe karibu milimita 1.2 upande wa kivuli na 0.6 upande wa mwanga. Mistari ya ndani milimita 0.4. Ukungu usiwe na mstari wowote wa wino. Hili la mwisho ndilo linaloitofautisha katuni ya kuenzi na katuni ya gazeti: nyuma kuna rangi, mbele kuna wino, na tofauti hiyo inampa paka uzito.

Anzia usoni mkono ukiwa bado mbichi, na kama unatumia mkono wa kulia teremka ukielekea kulia ili usipanguse wino mbichi. Manyoya yachorwe mahali kivuli kinapokutana na mwanga tu, mikwaruzo mifupi ya milimita 3 hadi 5 ikifuata msuli. Manyoya mwili mzima yanameza misuli, na bila misuli hakuna Frazetta.

Ukikosea usikimbilie ule wino mweupe wa kufutia wa ofisini. Rangi ya maji haishiki juu yake, doa litabaki linang'aa. Acha kosa lilivyo hadi rangi ikauke, kisha lifunike kwa akriliki nyeupe nyembamba na uipake rangi upya.

Subiri saa moja kabla ya kufuta penseli. Wino unaonekana mkavu mapema, lakini pale ulipokuwa mwingi bado ni mbichi chini.

Hatua ya 7: rangi

Bandika karatasi kwenye ubao kwa tepu pande zote nne. Yeyusha rangi ya kutosha kabla ya kuanza. Kwa ukungu wa ukubwa huu unahitaji kama vijiko viwili vya chakula vya maji yenye rangi, maana ukiishiwa katikati na kuchanganya upya, utaacha mstari usiofutika.

Tabaka la kwanza ni Yellow Ochre nyepesi sana juu ya picha nzima, ukiruka zile sehemu ndogo za nyeupe ulizozipanga. Acha ikauke kabisa, nusu saa au zaidi kama hewa ina unyevu. Pwani wakati wa masika inaweza kuchukua saa nzima. Gusa kwa mgongo wa kidole: ukihisi ubaridi, bado kuna maji ndani.

Tabaka la pili ni ukungu. Lowesha eneo la nyuma ya paka kwa maji safi hadi ling'ae bila kutuamisha maji, kisha ingiza Burnt Sienna kuanzia pembeni ukielekea katikati, ukiiacha ififie karibu na mabega. Wakati bado linang'aa, tia mguso wa Ultramarine iliyochanganywa na Sienna kwenye pembe za juu. Ndani ya unyevu huo huo gusa mara mbili au tatu maumbo ya vichwa vya samaki, hafifu, yasiyokamilika, kama mizimu ya waliokwisha liwa. Mng'ao ukishatoweka, ondoa mkono. Hapo ndipo watu huharibu: wanaona sehemu imefifia, wanarudi na brashi yenye maji mengi kuliko karatasi, maji mapya yanasukuma rangi iliyoanza kukauka, na linatokea doa lenye kingo za mapindopindo kama kabeji. Likitokea, acha likauke kabisa, lilegeze kingo kwa brashi yenye unyevu kidogo, kisha pitisha tabaka jepesi juu. Kulisugua likiwa bichi ni kuichana karatasi.

Tabaka la tatu ni paka na rundo. Changanya Burnt Sienna na Ultramarine, sehemu mbili kwa moja, upate kahawia nzito kwa vivuli vya manyoya. Geuza kipimo, sehemu moja kwa mbili, upate weusi wenye ubaridi kwa sehemu ya chini ya rundo. Usiongeze rangi ya maji ya nne. Rangi tatu zinazozaana zenyewe zinaishikilia picha pamoja, na ndiyo maana picha ya Frazetta inaonekana kama hewa yake yote ina vumbi moja. Ukiongeza kijani cha macho ya paka au bluu ya bahari, umefungua dirisha mahali pasipotakiwa.

Rangi kali ni moja: Burnt Sienna nzito, karibu bila maji, ndani ya taya iliyo wazi kwenye rundo na kama uzi mwembamba kwenye ncha ya nduaro. Mwisho kabisa akriliki nyeupe: nukta mbili za macho, ukingo wa fuvu la nduaro, sharubu tatu kila upande. Sharubu zipigwe kwa mkupuo mmoja, toka shavuni kwenda nje.

Kwa wanaochora kwenye kompyuta, fungua faili ya pikseli 2598 kwa 4252, ambayo ni sentimita 22 kwa 36 kwa doti 300 kwa inchi. Programu ya Krita ni ya bure na inatosha. Weka ukungu, rundo, paka na wino kila kimoja kwenye tabaka lake, vivuli viwe kwenye tabaka la Multiply, yaani linalotia giza kilicho chini yake, na ujifungie kwenye rangi zile zile tatu. Hatari ya huku ni brashi laini ya hewa: inafuta kingo zote na paka anakuwa wa plastiki. Tumia brashi yenye kingo ngumu kwa mwili, laini kwa ukungu pekee.

Hatua ya 8: jina juu ya jalada

Jina liwe zito kama picha. "MFALME WA MIFUPA" linafaa, kwa sababu lingeweza kuwa jina la kitabu cha kweli. Jina lenye mzaha ndani yake linaimaliza hadithi kabla jicho halijamfikia paka.

Kwenye zile sentimita 9: acha 1.2 juu, MFALME kwa urefu wa 2.8, pengo la 0.4, WA kwa 0.9, pengo la 0.4, MIFUPA kwa 2.8. Wastani wa upana wa herufi ni sentimita 2.4 na pengo la nusu sentimita, hivyo neno la herufi sita linachukua karibu 17, likiacha pumzi pande zote mbili. M ichukue zaidi ya wastani na I kidogo sana. Ukizipa herufi zote upana sawa, I itaelea peke yake na M itabanwa. Chora kwa penseli, jaza kwa akriliki nyeupe iliyotiwa Yellow Ochre kidogo, zungushia mstari mwembamba wa kahawia.

Nembo ya kampuni ya kitabu usiiweke, wala sahihi ya Frazetta. Ukitaka kitabu kionekane kimezeeka, mistari miwili mitatu ya akriliki nyeupe yenye upana wa milimita 1 kwenye pembe, palipokunjika, inatosha.

Kabla ya kuitoa

Iweke picha ukutani, urudi nyuma mita tatu. Kisha ipige picha kwa simu, uipunguze hadi upana wa sentimita 2. Katika hali zote mbili lazima uone pembetatu, upanga na uso, kwa mpangilio huo. Kama unaona rundo kwanza, lina nyeupe nyingi. Pitisha tabaka jepesi la kahawia juu yake. Kama uso umepotea, tatizo kwa kawaida halipo usoni bali kwenye ukungu ulio nyuma yake: uko na giza sawa na kichwa. Lowesha sehemu hiyo, inyonye kwa kitambaa safi, irudi kuwa nyepesi.

Mwonyeshe mtu asiyewahi kuliona jalada la 1966. Acheke au angalau avutiwe na paka. Kisha mwonyeshe anayelijua. Huyu alitambue kabla hajasoma jina.

Kwa kuihifadhi kidijitali, skana ya A4 italazimika kupita mara mbili na kuunganishwa, hivyo kamera ya simu ni rahisi zaidi kama utaiweka sawasawa juu ya picha, kwenye kivuli cha mchana, bila jua la moja kwa moja wala taa ya simu. Taa ya simu inang'arisha wino na kuua ukungu wote.

Haki za picha ya asili bado zinalindwa. Frazetta alifariki mwaka 2010, na sheria za Kenya na Tanzania zinalinda kazi ya sanaa kwa maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Katuni uliyoichora upya kwa mkono wako, yenye wahusika wako, si sawa na nakala, lakini ukitaka kuiuza kwenye fulana au mabango tafuta ushauri wa sheria kwanza. Na kwa vyovyote vile andika chanzo. Chini, upande usio na upanga, kwa herufi za milimita 3: jina lako, mwaka, na mstari wa pili usemao "Kwa heshima ya Frank Frazetta, 1966". Uandike kwa kahawia ile ile ya vivuli, ndani ya rundo, karibu na mkia wa samaki, mahali ambapo anayetazama kwa makini ataufikia mwisho.